Opali ao kioo? Historia ya jiwe ambalo macho peke yake hayawezi kulitambua



Wiki hii nataka kwanza kutubu mbele yenu, halafu tuingie katika historia. Mwaka nilipopata lisansi ya agronomia, yaya wangu alifika nyumbani na jiwe limefungwa ndani ya kitambaa. Lilikuwa jeupe kama maziwa yaliyotiwa maji, na ndani yake kulikuwa na mwanga wa buluu unaoelea. Muuzaji alikuwa amemwambia ni opali ya Etiopia, bei dola 180. Wiki ile yaya alikuwa amepokea zamu yake ya likelemba. Akaniambia: «Wewe ulisoma udongo na mawe. Angalia iyi. Ni ya kweli ao ni ya bongo?»

Diplomu yangu ilikuwa na siku chache tu. Nililigeuza jiwe mara mbili, nikaona linavyong'aa, nikajibu: «Ni ya kweli, yaya. Iko opali.» Sikupima kitu. Sikuuliza kitu. Niliona aibu kusema «sijui» mbele ya mtu aliyenilipia masomo miaka miwili. Yaya akalipa.

Miezi michache baadaye, mnunuzi wa kwanza aliyeonyeshwa lile jiwe alilirudisha kabla hata ya kukaa kwenye kiti. Ndipo nilianza kusoma. Na kumbe swali la yaya, «ya kweli ao ya bongo», watu wamelijibu vibaya kwa karibu miaka elfu mbili. Hiyo ndiyo historia ninayotaka kuwaeleza leo, juu ni historia ya namna mtu anaacha kuamini macho yake na kuanza kupima.

Ukoo mmoja, tabia mbalimbali

Muliosali munakumbuka ile orodha ya mawe ya msingi ya mji mtakatifu, katika Ufunuo sura ya 21: yaspi, kalkedoni, krisopraso, amethisto na mengine. Majina ya zamani hayalingani kila mara na mawe ya leo. Lakini tukiyachukua kwa maana ya leo, mawe sita kati ya kumi na mawili ni ya ukoo mmoja, ukoo wa silika, yaani silisi na oksijeni. Mchanga wa mtoni tunaojengea nyumba, sehemu kubwa ni silika. Agati ni silika. Kioo cha dirisha, sehemu yake kubwa ni silika vilevile. Na opali ni silika.

Sasa, kama yote ni silika, tofauti iko wapi? Iko katika mambo mawili: mpangilio na maji.

Katika kwarzi, atomi zimepangwa kama matofali ya fundi mzuri, mstari juu ya mstari, mpaka mwisho wa ukuta. Kalsedoni na agati ni kwarzi ileile, ila nyuzi zake ni ndogo sana, jicho halizioni. Ndiyo maana zinaonekana laini na zenye ukungu, si angavu kama kwarzi safi. Opali yenyewe haina ukuta: atomi zake hazikupangwa kwa mstari mrefu, na ndani yake kuna maji. Mara nyingi maji hayo ni asilimia 6 mpaka 10 ya uzito wake, na katika opali nyingine yanafika karibu asilimia 20. Kioo nacho hakina mpangilio, lakini hakikubeba maji hayo, na kiwandani wameongeza soda na chokaa.

Kwa hiyo opali kwa kemia ni ndugu ya kwarzi, lakini kwa mpangilio inafanana zaidi na kioo. Hapo ndipo watu walipotea, na hapo ndipo mimi nilipotea.

Mzee wa Roma na jua

Mtu wa zamani aliyetuachia maelezo marefu juu ya opali ni Plinius, Mrumi aliyekufa mwaka 79 wakati volkano ya Vesuvius ililipuka. Sisi wa Kivu tunajua volkano inaweza kufanya nini. Katika kitabu cha 37 cha kazi yake kubwa, Naturalis Historia, anasimulia habari za seneta Nonius. Seneta huyo alikuwa na pete yenye opali ya ukubwa wa tunda dogo la njugu, iliyokadiriwa sestersi milioni 2. Marcus Antonius aliitaka. Nonius aliona heri kukimbia uhamishoni, akaacha mali yote, akabeba pete tu.

Jiwe la bei hiyo haliwezi kukosa wezi wa kuliiga. Plinius mwenyewe anasema hakuna jiwe ambalo wadanganyifu wanaliiga kwa kioo vizuri kama opali. Halafu anatoa kipimo chake: shika jiwe kati ya vidole, ligeuze kwenye jua. La bongo litaonyesha rangi ileile moja. La kweli rangi zake zitabadilika, moja inakuja, nyingine inakwenda.

Niliposoma hapo, nilifunga kitabu. Jiwe la yaya lilikuwa na buluu ileile pande zote. Ukiliweka mbele ya taa, mwanga uliopita ndani ulikuwa kama chungwa. Hakuna rangi iliyocheza. Mzee wa Roma, bila labo, bila umeme, angemwokolea yaya dola 180.

Lakini tuseme ukweli wote: kipimo cha Plinius kina shimo. Kinafaa kwa opali ya thamani tu, ile ambayo rangi zake zinacheza. Opali nyingi duniani hazichezi rangi hata kidogo. Ni nyeupe, ya kahawia, ya kijani, zimetulia kabisa, na ni opali za kweli. Jua haliwezi kukusaidia kutofautisha opali ya namna hiyo na kalsedoni. Plinius naye alisema opali bora zinatoka India. Watafiti wa leo wanaona opali za Roma huenda zilitoka katika milima ya Dubník, nchi ya Slovakia ya leo, ambako machimbo yalifanya kazi mpaka mwaka 1922. Hata mjuzi mkubwa aliamini alichoambiwa na muuzaji.

Mizani inaingia

Mabadiliko makubwa yalikuja mwisho wa karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19, wakati wakemia wa Ulaya walianza kuvunja mawe na kuyapima. Martin Heinrich Klaproth, mkemia Mjerumani, alichunguza opali akakuta silika pamoja na maji. Hapo jiwe lililosifiwa kwa moto wake likajulikana kwa maji yake.

Mwaka 1812 Friedrich Mohs akatengeneza ngazi ya ugumu, kuanzia 1 mpaka 10: jiwe gumu linakwaruza jiwe laini. Kwarzi iko kwenye 7. Kalsedoni iko karibu na hapo, 6.5 mpaka 7. Opali iko chini, 5.5 mpaka 6.5. Kwarzi inakwaruza kioo cha dirisha bila shida. Opali inasitasita. Lakini musikwaruze jiwe la mtu. Ukishaliharibu, hata likiwa la kweli, bei imeanguka.

Kipimo ninachokipenda hakiharibu kitu, nacho ni mizani na maji. Ni kazi ya zamani tangu Archimedes, na sisi wa agronomia tunafanya kazi ya kufanana nayo tukipima udongo. Unapima jiwe likiwa kavu. Halafu unalifunga kwa uzi mwembamba, unalipima likining'inia ndani ya maji bila kugusa chini. Ndani ya maji litaonekana jepesi. Chukua uzito wa kwanza, ugawe kwa tofauti ya uzito mbili. Jibu linakuambia jiwe ni zito mara ngapi kuliko maji ya ujazo uleule. Hiyo ndiyo densite.

Kwarzi inatoa 2.65, karibu kila mara. Kalsedoni inatoa karibu 2.6. Opali, juu ya maji yake na nafasi ndogondogo ndani yake, inatoa karibu 2.1, na inaweza kushuka mpaka 1.9 ao kupanda mpaka 2.3. Kioo cha kawaida kinatoa karibu 2.5. Plastiki inatoa kidogo juu ya 1.

Nilichukua jiwe la yaya, nikaomba mizani ya labo kwa asistenti mmoja. Kavu: gramu 53. Ndani ya maji: gramu 31.8. Tofauti: 21.2. Nikagawa: 2.5. Nikarudia mara tatu, nikitumaini mizani ndiyo imekosea. 2.5, 2.5, 2.5. Chini ya lenzi nikaona kitu nilichopaswa kuona tangu siku ya kwanza: viputo viwili vya hewa, vya mviringo kabisa, kama vile vinavyobaki ndani ya chupa iliyotengenezwa vibaya. Yaya alinunua kipande cha kioo.

Mipira ya mwaka 1964

Baki swali moja ambalo hata mizani haikulijibu: kwa nini opali ya thamani inacheza rangi? Maji hayana rangi, silika haina rangi. Zamani wengine walifikiri ni nyufa ndogo ndani ya jiwe.

Jibu lilikuja Australia, nchi ambayo tangu mwisho wa karne ya 19 ilikuwa imekuwa mama wa opali duniani. Mwaka 1964, J. V. Sanders na wenzake walichapisha walichokiona kwa mikroskopu ya elektroni. Ndani ya opali ya thamani kuna mipira midogo ya silika, yote ya ukubwa mmoja, imepangwa kama machungwa ambayo mama wa sokoni anayapanga asubuhi. Kipenyo cha mpira mmoja ni kama nanometa 150 mpaka 300. Maana yake, katika milimita moja wanaingia zaidi ya 3,000 kwa mstari. Mwanga ukipita kati ya mistari hiyo, unatawanywa kwa rangi kufuatana na ukubwa wa mipira: midogo inatoa buluu na zambarau, mikubwa inaweza kutoa mpaka nyekundu. Katika opali ya kawaida mipira haina ukubwa mmoja, ao imemwagika ovyo kama machungwa yaliyoanguka kutoka kwenye baiskeli. Rangi haitokei.

Muangalie hapo: atomi hazina mpangilio, lakini mipira inao. Ndiyo maana opali ilisumbua watu muda mrefu. Mwaka 1971, Jones na Segnit, nao wa Australia, waligawanya opali katika vikundi kwa kutumia mionzi ya X: kuna ile isiyo na mpangilio kabisa, na kuna zile ambazo zimeanza kupata mpangilio ndani yao. Na inajulikana kwamba chini ya ardhi, kwa muda mrefu na joto, opali inapoteza maji yake, inajipanga pole pole, mwisho inageuka kwarzi. Kwa hiyo mpaka kati ya ndugu hawa si ukuta, ni njia, na jiwe linaweza kuwa katikati ya safari.

Elimu hiyo ilisaidia na wadanganyifu. Miaka 10 tu baada ya Sanders, mwaka 1974, Pierre Gilson alileta sokoni opali iliyotengenezwa katika labo kwa mipira ya silika. Yeye alisema wazi ni ya labo. Lakini jiwe likishapita mikono mitano, nani anasema tena? Hiyo inatambulika kwa lenzi: rangi zake zimegawanyika kama ngozi ya mjusi, na ukiitazama ubavuni zinasimama kama nguzo. Kuna pia ganda jembamba la opali ya kweli lililogundishwa juu ya kitu cheusi na kufunikwa na kwarzi. Juu ni kweli, chini ni bongo. Angalia ubavu, utaona mstari wa gundi.

Na Etiopia ambayo muuzaji aliitaja? Opali zake zipo kweli. Zile za Wegel Tena, katika Wollo, zilianza kujulikana duniani mwaka 2008. Nyingi zina tabia ya kunywa maji: zinashika ulimi, na zikiloweshwa zinaweza kuwa angavu na kuongezeka uzito. Kwa opali ya namna hiyo, kipimo changu cha maji kifanywe haraka ama kiachwe kabisa. Uongo mzuri unasimama juu ya kitu cha kweli, na muuzaji wa yaya alijua hilo kuliko mimi.

Opali ya shambani kwetu

Sasa nifike kwa sehemu iliyoniuma zaidi kama mwanafunzi wa kilimo. Mimi niliyeshindwa kuitambua opali nilikuwa nimeikanyaga maisha yangu yote.

Mimea inakunywa silika iliyoyeyuka katika maji ya udongo, halafu inaiweka ndani ya majani kama vijiwe vidogo sana. Vijiwe hivyo ni opali. Mpunga unavyo vingi, mahindi, miwa, majani ya kukatia ng'ombe, hata jani la ndizi. Lile jani linalokukata kidole ukilivuta, ni silika hiyo inachangia. Tunaviita fitoliti. Jani likioza, fitoliti inabaki katika udongo kwa karne nyingi, na umbo lake linaonyesha ukoo wa mmea uliolitengeneza.

Habari hii si mpya. Januari 1832, Charles Darwin, akiwa katika meli Beagle kwenye visiwa vya Cape Verde, alikusanya vumbi laini lililoletwa na upepo. Vumbi hilo lilifika kwa Christian Gottfried Ehrenberg kule Berlin, naye akakuta ndani yake vijiwe vya silika vilivyotoka katika mimea.

Lakini namna gani utazitoa fitoliti katika udongo uliojaa mchanga wa kwarzi, wakati vyote ni silika? Wandugu, ni mizani ileile! Unaondoa kwanza vitu vilivyooza. Halafu unamwaga udongo ndani ya kimiminiko kizito, kwa mfano chumvi ya tangsteni iliyoyeyushwa, ambacho densite yake ni karibu 2.3. Kwarzi yenye 2.65 inazama. Opali inaelea. Chini ya mikroskopu yenye vichujio viwili vya mwanga vilivyopishana, unahakikisha: ukizungusha, chembe ya kwarzi inawaka na kuzima, opali inabaki giza.

Na faida yake ni nini kwetu? Ndizi. Munajua ndizi asili yake ni Asia. Lakini ilifika lini katika Afrika yetu ya kati? Ndizi ya kupandwa haina mbegu ya kuacha nyuma, na shina lake linaoza lote. Kinachobaki ni opali ya jani lake, ambayo ina umbo la mlima uliokatwa juu, na shimo katikati. Mtu wa Goma akiiona atasema: Nyiragongo!

Mwaka 2000, Mbida na wenzake walitangaza kwamba wamekuta fitoliti za ndizi huko Nkang, kusini mwa Kamerun, katika mashimo ya takataka ya milenia ya kwanza kabla ya Kristo. Mwaka 2003, Jan Vansina, yule mwanahistoria wa Wakuba wa Kasai, aliandika kwamba jambo hilo halijathibitishwa. Mwaka 2006 Lejju na wenzake walisema kuna fitoliti za ndizi za zamani zaidi tena huko Munsa, Uganda, na mabishano yakaongezeka. Je, ni ndizi kweli, ao ni ndugu yake wa Kiafrika, ensete? Je, tabaka la udongo halikuvurugwa? Watu wenye elimu kubwa wanabishana juu ya vijiwe ambavyo jicho halivioni. Na kinachobishaniwa ni chakula cha babu zetu: walianza lini kuishi kwa ndizi ndani ya msitu.

Nimependa namna Vansina alivyofanya. Angeweza kufurahi na kukubali, juu habari ilikuwa nzuri. Yeye aliuliza: mumepima vipi?

Kwa kumaliza

Kati yetu hapa wengi tuna lisansi na hatuna kazi. Mawe yanapita mbele yetu kila siku, na ndugu zetu wanatuuliza juu tulisoma. Nawaomba kitu kimoja: kabla ya kusema «ni ya kweli», geuza jiwe kwenye jua, angalia ubavu na viputo kwa lenzi, tafuta mizani. Na kama hauna mizani, sema «sijui bado». Neno hilo halikuvui diplomu.

Yaya nilimweleza yote, pamoja na hesabu. Hakunigombeza. Dola 180 nimeanza kumrudishia kidogo kidogo, na kile kioo kiko dirishani kwake, watoto wanakichezea. Ila sasa nikimpelekea kitu chochote, hata kilo ya maharagi kutoka shambani, anakishika mkononi, anakipandisha na kukishusha, ananiangalia na kuniuliza: «Na iyi, ulishapima?»